Mahame ya Saltair na Filamu ya "Carnival of Souls"

Filamu ya "Carnival of Souls", iliyotolewa Marekani mwaka 1962, kwa desturi huhesabiwa miongoni mwa hadithi za kutisha, na husifiwa zaidi kwa mwisho wake wa ghafula. Sifa hiyo si ya uongo, ila imeelekezwa pasipostahili. Mwisho huo haumshangazi sana mtazamaji aliyepaangalia vema mahali hadithi inapoelekea, kwa kuwa mahali penyewe pamekwisha kusema yote mapema. Mahali hapo ni Saltair, uwanja wa zamani wa starehe kando ya Ziwa Kuu la Chumvi katika jimbo la Utah. Uwanja huo si pambo lililotundikwa nyuma ya wachezaji. Ndio mhusika mkuu wa hadithi.

Ushahidi wa kwanza ni asili ya filamu yenyewe. Mwelekezi wake, Herk Harvey, alikuwa akifanya kazi ya kutengeneza filamu za mafunzo na za viwanda katika mji wa Lawrence, Kansas. Alikuwa akirejea kwa gari kutoka California alipoliona jengo la Saltair limesimama peke yake, tupu, na kuba zake zikielekea angani. Alipomtaka mwenziwe, John Clifford, aandike hadithi, sharti lake kubwa lilikuwa kwamba mwishoni wafu watoke ziwani na kucheza dansi katika ukumbi ule. Basi mahali palitangulia, hadithi ikafuata. Na msichana, kasisi, daktari na jirani walitungwa ili mtu apate njia ya kufika pale.

Saltair ilifunguliwa mwaka 1893, juu ya nguzo za miti zipatazo elfu mbili na zaidi zilizopigwa katika sakafu ya ziwa. Waliolijenga walikuwa viongozi wa Kanisa la Wamormoni pamoja na washirika wao wa reli, na nia yao ilikuwa kuwapatia vijana wao mahali pa kuoga, kucheza na kufurahi bila kutoka machoni pa wazee wa kanisa. Watu walifika kwa gari la moshi kutoka Salt Lake City, wakaelea juu ya maji mazito ya chumvi yasiyomzamisha mtu kwa urahisi, na jioni wakacheza dansi. Mwaka 1925 moto uliliteketeza jengo hilo. Likajengwa jingine, lakini katika miaka ya 1930 maji yakarudi nyuma, na uwanja uliosimama ziwani ukajikuta umesimama juu ya mchanga na matope. Ulifungwa kabisa mwaka 1958. Harvey alipopiga picha zake mwaka 1961, alikuta mahame yaliyo tayari, wala hakuhitaji fundi wa kuyatengeneza.

Filamu haielezi hata robo ya habari hizi. Mtu wa kituo cha petroli anamjibu Mary Henry kwa maneno machache tu, kwamba hapo zamani palikuwa pa kuogea, kisha pa kucheza dansi, kisha pa michezo. Je, mhakiki ana haki ya kuileta historia ambayo mtunzi ameiacha nje? Anayo, ikiwa historia hiyo imeandikwa katika vitu vinavyoonekana. Nguzo zilizo kavu zinaonyesha kwamba maji yamekwenda zao. Ukumbi mpana unaonyesha wingi wa waliopata kuujaza. Mtazamaji hahitaji kuambiwa mwaka wa moto ili ajue kwamba hapa furaha ya watu wengi imekatika.

Mary ni mpiga kinanda cha kanisa. Gari alilopanda na wasichana wenzake limetumbukia mtoni kutoka darajani huko Kansas. Baada ya saa kadhaa yeye peke yake ameibuka, amejaa tope. Anakwenda Utah kushika kazi mpya, na njiani, magharibi ikiingia, analiona jengo lile kwa mbali. Tangu hapo hadithi inapimwa kwa safari zake za kulikaribia. Mara ya kwanza anafika na kasisi, naye kasisi anakataa kuingia kwa kuwa sheria imekataza. Mara ya pili anaingia peke yake mchana, anatembea katika kumbi zisizo na mtu, na kitu kinateremka chenyewe kwenye mtelezo wa watoto. Mara ya mwisho anafika na kuwakuta wafu wakicheza, na miongoni mwao anajiona mwenyewe, mikononi mwa yule mtu mwenye uso mweupe kama chokaa aliyemwandama tangu mwanzo, ambaye ni Harvey mwenyewe. Mpango huu ni sahili, na nguvu yake ni katika usahili huo: kila mara kizuizi kinapungua kimoja, mpaka asibaki mtu wa kumwambia arudi.

Hapa ndipo uwanja na msichana wanapofanana. Mary anasema waziwazi kwamba kanisa kwake ni mahali pa kazi tu. Anapiga nyimbo takatifu kwa ufundi wa vidole, moyo wake haumo. Siku moja vidole hivyo vinamponyoka, vinapiga muziki wa ukumbi wa dansi, na kasisi anamfukuza. Saltair nayo ilijengwa na watu wa kanisa kwa ajili ya ngoma. Katika vyote viwili ibada na starehe zimekaa nyumba moja bila kusikilizana. Na palipokosekana mtu wa kuzipatanisha pamebaki ganda, mwanamke asiyeguswa na upendo wa mtu na ukumbi usioguswa na nyayo za mtu.

Haifai kuificha kasoro. Mazungumzo ya daktari ni mazito na ya kufundisha. Yanasikika kama mabaki ya filamu za mafunzo alizozizoea mwelekezi. Yanataka kumfafanua mgonjwa ambaye kinanda na ukimya vimekwisha kumfafanua vizuri zaidi. Linganisha na tukio la dukani, ambapo sauti zote zinazimika na hakuna anayemwona Mary, mpaka ndege alie mtini na dunia irudi. Hapo hakuna neno la maelezo, na hapo ndipo hofu ilipo.

Kuhusu mwisho, wako wanaouona ni hila. Nyayo za Mary zinakoma mchangani. Kisha huko Kansas gari linavutwa kutoka mtoni, na maiti yake imo ndani. Tukio hilo lingekuwa la ziada kweli kama kazi yake ingekuwa kutoa jibu tu. Lakini linayaweka mbele ya macho maji ya namna mbili. Mto hupita na kwenda zake. Ziwa la Chumvi hupokea mito, wala halina mahali pa kuitolea. Maji hayatoki ila kwa kukaushwa na jua, na chumvi hubaki. Mwili umebaki katika maji yanayopita, na nafsi imekwenda kwenye maji yasiyo na njia ya kutokea. Bila gari lile la Kansas, mtazamaji angeona ziwa moja tu, asipate cha kulilinganisha nalo.

Jengo lile liliteketea mwaka 1970. Jingine lenye jina hilohilo lilijengwa karibu na hapo mwaka 1981, na haikupita miaka mingi ziwa likapanda na kulifurika. Mwaka 2022 ziwa hilohilo lilishuka kuliko ilivyopata kuandikwa. Filamu iliyopuuzwa ilipotolewa imeyahifadhi mahame ambayo hakuna tena awezaye kuyazuru kwa miguu. Anayetaka kuiona Saltair ile hana budi kuingia pamoja na Mary Henry.