Kuipima gesi bila kuifungulia mlango: hesabu ya Ziwa Kivu

Mto Sebeya, magharibi mwa Rwanda, hupita Mahoko ukiwa na rangi ya udongo wa milimani, na tangu mafuriko ya Mei 2023 hakuna mtu wa Kanama anayehitaji kuelezwa nguvu zake. Kutoka hapo unateremka hadi Ziwa Kivu, kusini mwa mji wa Gisenyi, na huko nguvu hizo huishia juu juu. Maji ya mto ni mepesi, hayana chumvi ya kuyazamisha, kwa hiyo hutandaa kwenye tabaka la juu la ziwa na kubaki huko. Kuanzia kina cha mita 260 hivi kwenda chini yapo maji mengine kabisa: yana joto zaidi kidogo, yana chumvichumvi, yanalishwa na chemchemi za chini ya ziwa, na yamebeba gesi iliyokusanyika kwa mamia ya miaka.

Gesi hiyo ni kaboni dayoksaidi, takriban kilomita za ujazo 300 ikipimwa katika hali ya kawaida ya hewa, na methani, takriban kilomita za ujazo 60. Takwimu hizi mbili hurudiwa kila volkano ya Nyiragongo inapounguruma, na aghalabu hutajwa kana kwamba wingi ndio hatari yenyewe. Sivyo. Swali la kitaalamu ni jingine: maji ya kina kile yana uwezo wa kushika gesi kiasi gani kabla hayajashiba, na sasa yamefika wapi? Jibu la nusu ya kwanza hutoka maabara. La nusu ya pili lilihitaji safari ya ziwani iliyofanywa mwaka 2018, na namna ilivyofanywa inafaa kutazamwa kwa karibu.

Tuanze na maabara. Kupima umumunyifu wa gesi katika maji ni kazi rahisi kuieleza na ngumu kuifanya vizuri. Unachukua maji uliyoyaondolea hewa yote, kwa kuyachemsha au kuyavuta kwa pampu. Unayatia kwenye chombo cha kioo kilichozamishwa katika beseni lenye joto lisilobadilika, unaingiza gesi safi ya ujazo unaoujua, kisha unatikisa hadi gesi iache kupungua. Kiasi kilichopungua ndicho kilichoyeyuka. Hapo ndipo marekebisho yanapoanza: mvuke wa maji unachukua nafasi yake ndani ya chombo na lazima utolewe kwenye hesabu, nyuzi moja ya joto ikipanda, gesi hupungua ndani ya maji, chumvi ikiongezwa, hupungua pia. Kanuni inayounganisha yote ilitolewa na William Henry, wa Manchester, mwaka 1803: katika joto lilelile, kiasi cha gesi kinachoyeyuka hulingana na mgandamizo wa gesi hiyo juu ya maji. Mgandamizo ukiwa maradufu, gesi iliyoyeyuka nayo huwa maradufu.

Vipimo vya namna hiyo vimefanywa tena na tena, na majedwali yanayotumiwa hadi leo ni pamoja na ya Weiss ya mwaka 1974 kwa kaboni dayoksaidi na ya Wiesenburg na Guinasso ya mwaka 1979 kwa methani. Katika nyuzi 25 za Selsiasi na mgandamizo wa kawaida wa usawa wa bahari, yaani atmosfia moja, lita moja ya maji safi hushika kaboni dayoksaidi kiasi cha mililita 830. Methani? Mililita 34 tu. Tofauti ni karibu mara 25.

Tofauti hiyo inaigeuza hadithi nzima ya Kivu. Karibu na sakafu ya ziwa, kila lita ya maji ina takriban lita mbili za kaboni dayoksaidi na mililita 400 za methani. Kwa macho, kaboni dayoksaidi ndiyo kubwa. Ila maji yanaipenda kaboni dayoksaidi. Kuzishika lita mbili zake kunahitaji mgandamizo usiofika atmosfia tatu. Methani hayaitaki, na ili mililita 400 zake zitulie majini unahitajika mgandamizo wa atmosfia kama 13. Kwa hiyo katika nguvu yote inayosukuma kutaka kutoka, sehemu kubwa ni ya ile gesi iliyo kidogo. Mtu anayelinganisha Kivu na Ziwa Nyos la Kameruni, lililoua watu wapatao 1,700 usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, analinganisha vitu viwili visivyofanana kikemia: Nyos lilijaa kaboni dayoksaidi. Hapa kinachopaswa kuchungwa zaidi ni methani, ingawa gesi ambayo ingewafikia watu ufukweni kwa wingi ingekuwa kaboni dayoksaidi, ile ile inayotuama kwenye mazuku, yaani mabonde yenye gesi ya kuua, ya Goma na Gisenyi.

Jumlisha migandamizo hiyo miwili unapata kama 16. Uzito wa maji kwenye kina cha mita 460 unagandamiza kwa atmosfia 46 hivi, na hicho ndicho kikomo. Basi karibu na sakafu gesi imefika thuluthi ya kikomo. Pabaya zaidi si sakafuni. Ni kwenye mita mia tatu na ushei, chini kidogo ya pale maji yanapobadilika ghafla: gesi tayari ni nyingi na uzito wa maji wa juu yake bado si mkubwa hivyo. Hapo maji yamekaribia kikomo zaidi kuliko sehemu nyingine yoyote ya ziwa, ingawa bado nafasi ni kubwa.

Hesabu hiyo ni nzuri ikiwa zile mililita 400 ni kweli. Na kuzipata ndiyo kazi. Ukishusha chupa ya sampuli hadi mita 400, ukaifunga na kuivuta juu, inafanya kama soda iliyotikiswa: maji yanatoa gesi nyingi, ambayo ama inavuja njiani ama inapasua chombo. Mbelgiji Hubert Damas, aliyechunguza ziwa hili miaka ya 1935 na 1936, alikuta gesi kwenye maji ya kina, na kila aliyemfuata alipambana na tatizo hilohilo. Mjerumani Klaus Tietze alipima mwaka 1974 na 1975 kwa umakini uliodumu kuwa rejea kwa miongo mitatu. Kisha vipimo vya mwaka 2004 vilileta taharuki: vilionyesha methani imeongezeka kwa asilimia 15 hivi tangu wakati wa Tietze. Kwa mwendo huo, kikomo kingeweza kufikiwa ndani ya karne hii.

Je, ziwa lilibadilika, au kilichobadilika ni kipimo? Chombo kimoja, hata kiwe cha thamani gani, hakiwezi kujibu swali hilo, kwa kuwa kosa lake kinalibeba chenyewe. Kwa maoni yangu, uamuzi bora wa Machi 2018 ulikuwa kuzialika timu zenye mbinu zisizofanana zipime ziwa moja, kwa wakati mmoja.

Timu ya UFZ ya Ujerumani, akiwemo Bertram Boehrer, ilikwepa chupa ngumu. Ilishusha mfuko usiopitisha gesi, ukiwa umekunjwa mtupu, na kuujaza kidogo tu kule chini. Ukipanda, gesi inatoka kwenye maji na kuutanua mfuko, na nafasi ya kutanuka iliachwa makusudi. Juu, ujazo wa gesi unapimwa, mchanganyiko wake unachambuliwa, na gesi iliyosalia ndani ya maji inapimwa maabara. Watafiti wa Eawag ya Uswisi walileta maji juu kwa mrija mfululizo, wakatenga gesi kwa utando na kuipitisha kwenye spektromita ya masi papo hapo. Roberto Grilli wa CNRS ya Ufaransa alifanya kinyume: badala ya kuyaleta maji kwenye chombo, alikishusha chombo majini, kifaa chenye utando na leza kinachosoma methani kikiwa kulekule kwenye kina.

Tazama mantiki yake. Mfuko unahesabu wingi: gesi kiasi gani imetoka kwenye maji kiasi gani. Utando hauhesabu wingi; unapitisha gesi kulingana na mgandamizo wake, na ili kuugeuza mgandamizo kuwa wingi lazima utumie majedwali ya umumunyifu, yakisharekebishwa kwa joto la nyuzi 23 hadi 26, kwa chumvi, na kwa mgandamizo mkubwa wa kina, ambao kanuni ya Henry peke yake haiumudu barabara. Njia moja inaingilia mlango wa mbele na nyingine wa nyuma. Mfuko ukivuja, matokeo yake yatakuwa madogo mno. Jedwali likiwa na kasoro, utando ndio utakaopotoka. Sababu za kukosea ni tofauti, kwa hiyo zikikutana kwenye jibu moja, ni vigumu kudai ni bahati. Kaboni dayoksaidi ilikuwa na mtego wa ziada, maana sehemu yake hugeuka kuwa bikaboneti ndani ya maji na haihesabiki tena kama gesi inayosukuma.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2020 na Fabian Bärenbold na wenzake, wakiwemo Augusta Umutoni na Ange Mugisha kutoka Rwanda. Mbinu zilikubaliana, na methani haikuonekana kuongezeka tangu wakati wa Tietze. Ziwa liko karibu na hali ya kutobadilika: kinachoingia na kinachotoka vinakaribia kulingana. Ile asilimia 15 ilikuwa ndani ya uwezo wa vipimo kutofautiana.

Wenye mitambo ya kuchota gesi ziwani wanatumia takwimu hizohizo kwa shughuli nyingine. Tangu 1963 mtambo mdogo wa Cap Rubona ulipeleka gesi kwenye kiwanda cha bia cha Bralirwa. Baadaye ikaja KivuWatt ya Karongi, na Rubavu ikapata Shema Power, mradi wa megawati 56. Bomba linachota maji ya mita 350 hivi. Yakipanda, mgandamizo unapungua, mapovu yanatokea, na mapovu yenyewe ndiyo yanayovuta maji mengine. Gesi inayotengwa bado ina kaboni dayoksaidi nyingi mno kuwaka vizuri. Dawa yake ni maji ya ziwa: gesi inaoshwa nayo, kaboni dayoksaidi inayeyuka mara 25 kirahisi zaidi, methani inabaki. Mhandisi anayetenganisha gesi kwenye mgandamizo mkubwa anapata gesi safi lakini anarudisha methani nyingi ziwani; akiupunguza, anapata methani zaidi na mzigo mkubwa wa kuosha.

Maji yaliyotumika lazima yarudishwe kwenye kina kinachofaa, yasivuruge matabaka. Hapo vipimo vya 2018 vinaacha kazi ngumu kwa wafuatiliaji. Tuseme mtambo unabadilisha tabaka fulani kwa nusu asilimia kwa mwaka, na kipimo kina shaka ya asilimia tano: itapita miaka kumi kabla mtu hajaweza kusema kwa uhakika kwamba kitu kimebadilika. Kuipunguza shaka hiyo hadi asilimia mbili kungeifupisha subira hadi miaka minne, na hilo linategemea mifuko isiyovuja, tando zinazosahihishwa mara kwa mara, na majedwali ya umumunyifu yaliyopimwa upya kwenye maji ya Kivu yenyewe badala ya maji safi ya maabara.