Neno la Kirafiki Katika Gari la Moshi

Senema ya From Russia with Love, aliyoiongoza Terence Young mwaka 1963 kutokana na riwaya ya Ian Fleming ya 1957, husifiwa kwa mapigano yake ndani ya Orient Express, lile gari la moshi la anasa lililokuwa likitoka Istanbul. Kwa maoni yangu yaliyo bora ni yale yayatanguliayo mapigano, nayo ni mambo ya lugha.

Grant, muuaji aliyetumwa kumwua James Bond, hasemi neno mpaka Zagreb. Hapo amwua Nash, mpelelezi wa Kiingereza aliyekuja kumlaki Bond, kisha ajivika jina lake na, lililo gumu zaidi, usemi wake. Matamshi yake si mabaya. Kosa lake ni kumwita Bond "old man" kila mara. Waungwana wa Kiingereza waliyasema maneno hayo bila kuyafikiri. Grant ayatia kama mpishi mgeni atiavyo chumvi.

Mfasiri wa Kiswahili hapa hana budi kusita. "Mzee" halifai, kwa kuwa kwetu lina heshima ndani yake, na Grant ajifanya sahibu tu. "Ndugu" lamsogeza karibu mno. Mimi ningechagua "bwana", lile la mwisho wa maneno, kama katika "Twende, bwana", lisilo na ubwana wowote. Nalo likirudiwa kupita kiasi, msikilizaji wetu angeanza kumshuku msemaji.

Bond hakushuku. Alichokiona, asikizingatie, ni divai nyekundu aliyoagiza Grant alipokula samaki. Aitaja baadaye akiwa ameshindwa, na Grant amjibu kwamba kujua divai hakukumzuia kupiga magoti. Jibu hilo nalipenda kuliko yote: kwa dakika moja senema yakiri kwamba uungwana wa mezani ni vazi tu. Nasikitika kuwa haidumu hapo. Bond aokoka kwa sarafu za dhahabu na mkoba wenye gesi ya machozi, wala si kwa masikio yake. Akiisha kumwua adui amrudishia "old man" kwa dhihaka, nasi twatakiwa kucheka pamoja na mwenye neno. Na huyo mwenye neno ni Sean Connery, mtoto wa mfanyakazi wa Edinburgh!

Tena yuko Tatiana. Uso ni wa Daniela Bianchi, Mwitalia. Sauti ni ya Barbara Jefford, Mwingereza. Senema imchekayo Grant kwa usemi wa kuazima ilimwazimia shujaa wake wa kike sauti nzima, wala haikuona haya.