Walioalikwa, si Waliojiunga: Illinois Walivyopima Mpango wa Afya Kazini

Ofisa utumishi akiulizwa kama mpango wa afya kazini umeleta faida, kwa kawaida huwaweka waliojiunga upande huu na waliokataa upande ule, kisha hulinganisha gharama zao za matibabu na siku walizokosa kazi. Waliojiunga huonekana kuwa na nafuu, na bajeti ya mwaka unaofuata hupitishwa. Hesabu hiyo ina kasoro kubwa, na waliotuonyesha ukubwa wake ni wachumi watatu wa Marekani: Damon Jones, David Molitor na Julian Reif.

Walifanya kazi yao katika Chuo Kikuu cha Illinois, Urbana-Champaign. Mwaka 2016 wafanyakazi 4,834 walijaza dodoso, ikapigwa kura: 3,300 wakaalikwa kwenye mpango, 1,534 wakabaki bila mwaliko. Walioalikwa walipimwa afya, wakajaza fomu ya mienendo yao, halafu wakachagua shughuli kama kuacha sigara au kupunguza msongo. Hata zawadi ya kushiriki iligawiwa kwa kura. Kati ya wasioahidiwa fedha, asilimia 47 walikamilisha vipimo na fomu. Dola 100 ziliwafikisha asilimia 59, na dola 200 asilimia 63 tu. Fedha iliongezwa maradufu, watu wakaongezeka kiduchu.

Uzuri wa utafiti huu ni kwamba data ileile ilihesabiwa kwa njia mbili. Chukua mahudhurio ya jimu ya chuo. Ukiwatazama walioalikwa peke yao, walioshiriki walikwenda kwa wastani mara 7.4 kwa mwaka, na waliokataa mara 3.8. Hapo mtu angeandika ripoti ya ushindi. Lakini ukiwachukua walioalikwa wote, walioshiriki na waliokataa, ukawaweka mbele ya wale ambao kura haikuwaangukia, unapata 5.9 dhidi ya 5.8. Pengo lote limeyeyuka, kwa sababu wapenda mazoezi ndio waliokimbilia mpango tangu mwanzo. Katika gharama za matibabu mambo yalikuwa hivyohivyo: walioshiriki walikuwa na gharama ndogo hata kabla mpango haujaanza.

Si kwamba hakuna kilichobadilika. Watu wengi zaidi walipima afya, na wengi zaidi waliamini kuwa mwajiri anawajali. Kwangu hilo lina thamani yake, maana mtu anayegundua shinikizo la damu mapema anaweza kuanza dawa. Ila mwajiri asiliite akiba ya fedha.

Watafiti Zirui Song na Katherine Baicker walipata picha inayofanana katika maduka ya BJ's Wholesale Club, matokeo yakachapishwa 2019. Wao walichagua kwa kura vituo vya kazi, si mtu mmoja mmoja: 20 kati ya 160 vikapewa mpango. Baada ya miezi 18, wafanyakazi wa vituo hivyo walisema wanafanya mazoezi zaidi, lakini vipimo vya damu, gharama na utoro havikutofautiana kwa kiasi cha kuaminika.

Njia hii ya vituo inafaa sana kwa benki au kampuni yenye matawi Dar es Salaam, Mwanza na Mombasa. Bajeti ya mwaka wa kwanza mara nyingi haitoshi matawi yote. Basi kura iamue yapi yaanze, badala ya kuanza na makao makuu au tawi lenye meneja mchangamfu. Na kumbukumbu za waliokataa kupimwa zihifadhiwe kwa uangalifu uleule, kwa kuwa nao wamo katika wastani wa tawi lao.