Fundi Anayesoma Plagi

Katika gereji nyingi za Dar es Salaam, kubadilisha plagi ni kazi ya dogo anayejifunza. Fundi mkuu yuko uvunguni mwa gari anahangaika na gia boksi, dogo anaambiwa, "Hebu ng'oa plagi za ile Noah." Plagi nne, koili nne, mambo yamekwisha. Wenye magari nao wanaiona hivyo hivyo, ndiyo maana ikifika kulipa wananung'unika. Mimi naona kazi hii inampima fundi kuliko hata kushusha injini nzima, hasa injini yenyewe ikiwa D-4.

D-4 haina jina zuri mjini. Toyota ilianza kuiuza mwaka 1996, mwaka uleule Mitsubishi ilipotoa injini yake ya aina hiyo, GDI, na kwetu imeingia kwa wingi ndani ya Noah na Voxy za miaka ya 2000, RAV4, Opa na nyinginezo zilizoshuka bandarini zikiwa zimekwishatumika Japani. Katika injini ya kawaida petroli humwagwa kwenye njia ya hewa, nje ya vali, ikaingia pamoja na hewa. Katika D-4 nozeli imepenya hadi ndani ya silinda, na petroli inarushwa humo kwa presha inayopita ile ya kawaida zaidi ya mara ishirini. Wazo si jipya. Mercedes-Benz 300 SL ya mwaka 1954 ilikuwa nalo. Kilicho kipya ni kulikuta kwenye gari la kubeba watoto wa shule.

Nozeli ya Noah hiyo ina mwanya mwembamba, kwa hiyo petroli hutoka ikiwa imetanuka mfano wa kipepeo cha mkononi. Juu ya pistoni limechongwa bonde linaloipokea na kuielekeza kwenye plagi. Injini inapokwenda polepole inatumia petroli kidogo sana, na mchanganyiko unaoweza kuwaka uko hapo tu, jirani na ncha ya plagi. Ukifunga plagi isiyo ya namba yake, au ncha ikiwa imeliwa na pengo limepanuka, cheche haikutani na petroli inavyotakiwa. Gari linamisi, linatetemeka kwenye foleni, na mwenye gari anaambiwa, "Bosi, D4 ndivyo zilivyo."

Fundi ninayemsifu hasemi hivyo kabla hajatazama. Kwanza anasubiri injini ipoe, kwa kuwa kichwa chake ni cha alumini na nyuzi za alumini yenye moto huharibika upesi. Anachomoa soketi za koili taratibu, maana vibanio vyake vya plastiki vimekaangwa na joto kwa miaka na hukatika kwa kuguswa tu. Halafu anapuliza vumbi kwenye mashimo, kwa sababu mchanga ulioko juu ya plagi utadondokea kwenye silinda mara plagi itakapotoka. Analegeza robo mzunguko, anasikiliza mkono. Ikikaza anairudisha kidogo, anatia mafuta ya kulegeza, anasubiri. Hapo wengi ndipo wanapoongeza bomba kwenye spana, na ndipo nyuzi zinapotoka pamoja na plagi.

Plagi zikitoka anazipanga kwenye kitambaa kwa mfuatano wa silinda, ya kwanza hadi ya nne, kisha anaziinamia kama daktari anayemwambia mgonjwa atoe ulimi. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu inasema silinda ina afya. Masizi makavu meusi yanasema petroli imezidi, au hewa haitoshi, au injini haipati nafasi ya kupata moto kwa sababu gari linakwenda sokoni na kurudi tu. Weusi unaong'aa na kuteleza ni oili, nayo imepita kwenye ringi au kwenye sili za vali. Weupe wenye malengelenge unasema joto limevuka mpaka. Plagi nzuri hufanya kazi kati ya digrii 500 na 800 hivi: chini ya hapo haiwezi kuunguza masizi yake yenyewe, juu ya hapo ncha huiva na kuwasha petroli kabla ya cheche. Na ikiwa tatu ni za kahawia na moja ni nyeusi, hakuna haja ya kulaumu D-4 nzima. Kuna silinda moja yenye neno.

Zamani plagi ikichafuka ilipigwa msasa, ikagongwa kidogo kusawazisha pengo, ikarudi kazini. Plagi za nikeli zilivumilia. Ya iridiamu haivumilii. Ncha yake ya kati inaweza kuwa na unene wa milimita 0.4, na msasa unaweza kuivunja siku hiyohiyo. Fundi mzee aliyekubali kuuweka chini msasa wake wa miaka yote anastahili heshima ya pekee. Kuacha kitu ulichokijua vizuri ni kazi ngumu kuliko kujifunza kipya.

Wakati wa kurudisha, anachomeka kipande cha mpira wa petroli kwenye mkia wa plagi na kuizungusha kwa huo. Ikikaa upande, mpira unateleza mkononi kabla nyuzi hazijaumia. Ikishagusa, plagi mpya yenye washa inaongezwa nusu mzunguko au zaidi kidogo, basi. Mwenye spana ya kupimia nguvu anaitumia. Grisi kwenye nyuzi haitakiwi, kwa sababu huufanya mkono ukaze kupita kiasi bila kujua.

Ugonjwa mwingine wa D-4 plagi haiuoneshi wazi. Katika injini ya kawaida petroli huosha mgongo wa vali kila inapopita. Hapa haipiti. Ukungu wa oili na moshi unaorudishwa vinagandia hapo hadi kuwa ukoko mweusi, na hewa inabanwa. Chupa ya dawa inayomiminwa kwenye tangi husaidia nozeli, lakini kwenye vali haifiki. Dawa ya ukoko ni kufungua njia ya hewa, kuhakikisha vali za silinda husika zimefunga, na kusafisha kwa mkono au kwa kupuliza maganda ya jozi yaliyosagwa. Toyota wenyewe waliliona hilo: mwaka 2005 walileta D-4S, yenye nozeli ya pili iliyorudishwa kwenye njia ya hewa. Kwa asiye na D-4S, kinga ni kumwaga oili kwa wakati na kuweka petroli safi. Pampu ya presha inalainishwa na petroli hiyohiyo inayoisukuma, kwa hiyo mafuta yaliyochakachuliwa huila kimyakimya. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kuyatambua, kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji. Fundi mwangalifu bado anauliza umejaza wapi.

Maswali hayo, kuinama kule juu ya kitambaa, kusubiri kule injini ipoe, havimo kwenye risiti. Risiti ina plagi nne. Ndiyo maana mteja anayelipa bei ya dukani bila neno huanza kuvutana na fundi kwenye pesa ya ufundi: "Umefungua na kufunga tu, fundi wangu." Kwa mvutano huo tunawafundisha vijana wa gereji kwamba kubadilisha kunalipa na kutazama hakulipi, kisha tunashangaa gari likienda na koili mbovu likirudi limebadilishwa kila kitu isipokuwa koili. Siku fundi atakapokuambia amekagua, plagi zako bado nzima, na anadai ujira wa kukagua, mlipe. Amekuuzia kitu adimu kuliko iridiamu.