Wimbo na Makao katika Dance of the Jakaranda

Katika riwaya ya Peter Kimani, Dance of the Jakaranda (2017), muziki ndio unaowakutanisha wasiojuana. Rajan, mjukuu wa Babu Salim, Mpanjabi aliyekuja kujenga reli, huimba visa vya babu yake hotelini Nakuru mwaka 1963. Gizani anabusiwa na mwanamke asiyemjua. Ni rahisi kuyasoma haya kama sherehe ya umoja wa mataifa. Usomaji huo hautoshi. Hoteli yenyewe ilikuwa nyumba ya McDonald, mkoloni msimamizi wa reli. Ngoma inachezwa chini ya paa lake.

Msomaji aliyelelewa Makongeni au Muthurwa, mitaa ya Nairobi iliyojengewa wafanyakazi Waafrika wa reli hiyohiyo, atauliza: baada ya wimbo, kila mmoja analala wapi? Utawala wa kikoloni uliwatenga Waafrika na Wahindi kimakazi. Kwa maoni yangu, Kimani anafaulu zaidi pale wimbo unapochokonoa nasaba zilizofichwa kuliko pale unapopamba mapenzi. Uraia, kwa vyovyote, haukutolewa jukwaani: Waasia wengi walipewa miaka miwili tangu Desemba 1963 wajisajili.