Kuliona Jiwe Kabla ya Stenti

Stenti ya moyo ina sharti gumu: ikishapanuliwa ndani ya mshipa, haitolewi. Kile kibomba cha wavu wa chuma, kilichoingia kikiwa kimebanwa juu ya puto, kitabaki humo maisha yote ya mgonjwa. Kikikutana na ukuta uliokakamaa kwa kalsiamu kikafunguka nusu, damu inaweza kuganda juu yake, au mshipa ukaziba upya, na daktari akabaki na jiwe lile lile, safari hii likiwa nyuma ya chuma. Ndiyo maana nawaheshimu mno madaktari wanaotazama kwanza.

Andreas Grüntzig alipozibua mshipa wa moyo kwa puto mjini Zürich, Septemba 1977, aliongozwa na eksirei na dawa ya rangi. Njia hiyo ingali msingi wa kazi hadi leo, ila inaonyesha pale damu inapopita, si ukuta wenyewe. Kalsiamu huonekana kama ukungu pembeni, na pengine isionekane kabisa.

Mwaka 1991 David Huang, James Fujimoto na wenzao nchini Marekani walichapisha katika jarida la Science mbinu ya kupiga picha za ndani ya tishu kwa mwanga. Walipima vitu viwili: retina ya jicho na ukuta wa mshipa wa moyo. Tangu mwanzo, basi, mwanga huo ulikuwa umeshauelekea moyo.

Leo katheta nyembamba yenye uzi wa kioo huingizwa hadi mahali palipoziba. Damu huuzuia mwanga, hivyo daktari husukuma dawa ya rangi ili kuiondoa kwa sekunde chache, na katika sekunde hizo lenzi huzunguka huku ikivutwa nyuma. Hupatikana picha yenye uwezo wa kutofautisha vitu vilivyoachana kwa maikromita 10 hadi 20. Kalsiamu hujitokeza ikiwa na mipaka dhahiri, na daktari hupima: je, imezunguka zaidi ya nyuzi 180? Unene umepita nusu milimita? Urefu umezidi milimita 5? Yote matatu yakikutana, stenti ina hatari kubwa ya kutofunguka vizuri, na mkono unapaswa kusubiri.

Njia nyingine ya kutazama, ultrasaundi ya ndani ya mshipa, ina udhaifu wake: sauti hugonga kalsiamu na kurudi, ikiacha kivuli kinachoficha unene. Lakini haihitaji dawa ya rangi, na wagonjwa wa figo, ambao dawa hiyo inaweza kuwadhuru, mara nyingi ndio hao hao wenye mishipa iliyojaa kalsiamu. Kujua ni jicho lipi la kumtazamia mgonjwa yupi, kwangu mimi, ni nusu ya ufundi huu.

Kisha jiwe linavunjwa. Kuna kekee yenye chembe za almasi. Kuna pia puto linalotoa mawimbi ya mshtuko, wazo lililorithiwa kutoka matibabu ya mawe ya figo yaliyoanza Munich mwaka 1980. Baada ya hapo daktari bora harukii stenti. Hutazama tena, akitafuta ufa. Mstari mwembamba uliopasua pete ya kalsiamu ndiyo habari njema anayoisubiri, kwa kuwa pete iliyopasuka inaweza kutanuka. Asipouona, hurudia kuvunja. Akiuona, hupima mshipa pande zote mbili za kidonda, yaani pale palipoziba, kama fundi cherehani asiyekata kitambaa kwa kukisia, ndipo achague stenti.

Katheta hizi za kupigia picha ni ghali, na hutumika mara moja tu. Hata hivyo, mwaka 2024 mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya uliyapa matumizi yake katika vidonda tata daraja la juu kabisa la mapendekezo. Naona walichelewa, lakini wamefanya haki.

Stenti ikishakaa, picha hupigwa tena. Sehemu yake finyu kuliko zote hulinganishwa na mshipa wenye afya ulio jirani, na wengi hulenga angalau asilimia 80. Ikipungua, puto gumu huingizwa kwa shinikizo kubwa zaidi, kisha daktari hupima upya.