Tajiri Hutuma Karatasi

Maigizo mengi ya viwanja vya shule na parokia huku Kivu ya Kaskazini humleta tajiri kwa sura moja: nguo zimekunjwa zikafungwa tumboni ndani ya shati, miwani myeusi, simu sikioni, Kifaransa cha kupayuka. Watoto huvunjika mbavu. Wazee nao hupiga makofi. Simlaumu mwigizaji, asiyelipwa hata franka moja ana haki ya kulipwa kicheko. Ila mchezo ukiisha, tajiri yule huvua kitambi chake akaondoka nacho kwapani, na watazamaji hurudi nyumbani bila kuulizwa yule wa kweli yuko wapi.

Kwa mtu wa Kalembe hilo ni swali la kila siku. Kalembe iko mpakani: huku vilima vya malisho vya Masisi, kule msitu wa Walikale, na barabara inayokwenda Pinga inapita hapo hapo. Simama kando yake uwatazame wapitao. Mama ana kikapu cha mihogo mgongoni, kamba imebana paji la uso. Kijana anasukuma chukudu iliyolemewa magunia ya makala. Mchungaji anafuata ng'ombe wasio wake. Mchimbaji anarudi kutoka shimoni, matope yamekauka miguuni, mfukoni hana kitu. Mwenye ng'ombe humwoni. Yuko Goma, au Kinshasa, au mbali zaidi. Anayenunua madini yakishavuka mipaka humwoni vilevile. Hao ndio wenye neno la mwisho juu ya nani alime wapi na kwa masharti gani, lakini unaweza kuzeeka kando ya barabara hiyo usipishane nao hata mara moja. Wao hutuma vitu: mifugo, uzio, mzani, karatasi yenye muhuri.

Ndiyo maana ufundi wa mtunzi wa tamthilia hunivutia kuliko wa mwenye riwaya. Riwaya inaweza kutumia kurasa ishirini kutueleza mali ya mtu ilikotoka na babu yake aliipataje. Jukwaa halina subira hiyo. Lina saa mbili, watu wachache, na mbao tupu. Mtunzi analazimika kuteua kitu kimoja, akiweke mahali tutakapokiona tangu mwanzo, kisha akiache kifanye kazi yake. Akikosea kuteua, wahusika wataanza kuhutubia. Akipatia, hakuna atakayehitaji kutamka neno tabaka mpaka taa zizimwe.

Walioteua vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ katika Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Kikuyu ambao wasomaji wa Kiswahili waliupata baadaye kwa jina la Nitaolewa Nikipenda. Kitu chao ni hatimiliki ya ekari moja na nusu, imetundikwa ukutani katika nyumba ya Kĩgũũnda, kibarua wa shambani. Karatasi tu. Lakini kibarua huyu akiitazama husimama wima, kwa sababu ndiyo pekee inayomtofautisha na jirani asiye na chochote. Tajiri wake, Kĩoi, hana haja ya kutundika hati zake mahali popote. Anakuja na mkewe Jezebel nyumbani kwa maskini, wanakaa, wanazungumza habari za dini: Kĩgũũnda na mkewe Wangeci wafunge ndoa kanisani, waache kuishi katika dhambi. Ushauri mwema, unaotolewa kwa sauti ya upole. Harusi ya kanisani ina gharama zake, gharama zinataka mkopo, mkopo unataka dhamana, na dhamana iko pale ukutani. Mwisho wa mchezo ardhi imekwenda. Hakuna aliyepigwa risasi, hakuna aliyevunja mlango.

Tazama walivyofanya. Wangeweza kumleta Kĩoi na askari na tingatinga, na umati ungezomea. Wakamleta na Biblia na adabu. Binti wa Kĩgũũnda na Wangeci, Gathoni, anapata mimba ya mwana wa Kĩoi, na wazazi wanadhani wamepata mkwe wa kuwainua. Kumbe kwa familia ile mimba hiyo ni jambo la kufukuzia mbwa. Tabaka katika mchezo huu linapimwa kwa uwezo wa kukataa. Kĩoi anaweza kukataa mkwe, kukataa deni, kukataa kujibu. Kĩgũũnda hawezi kukataa hata ushauri wa wageni waliokaa kwenye viti vyake.

Mchezo ulionyeshwa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, nchini Kenya, kuanzia Oktoba 1977, katika ukumbi wa wazi ambao wanakijiji waliujenga wenyewe, na waliocheza walikuwa wao: vibarua wa mashamba, wafanyakazi wa viwanda, wakulima. Mazoezi yalikuwa ya hadharani. Mpita njia aliweza kusimama akasema kibarua hasemi hivyo, mzee hakai hivyo, na kweli matini yakasahihishwa. Haikutimia miezi miwili serikali ikauzima mchezo. Mwisho wa Desemba mwaka huohuo Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini mwaka mzima bila kesi, na mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Nchi ile ilikuwa na vitabu vingi vinavyolaani matajiri na vilikaa salama kwenye rafu. Kilichowatisha wakubwa ni kuona kibarua wa kweli ameketi mbele ya watu, katika lugha yake, akiigiza jinsi karatasi yake inavyoondoka ukutani.

Karatasi hiyo tunaijua huku. Wakoloni wa Kibelgiji walijikatia mashamba makubwa ya Masisi kwa ajili ya mazao na mifugo, na kati ya 1937 na 1955 wakahamishia watu makumi ya maelfu kutoka Rwanda ili wapate mikono ya kuyalima. Kisha ikaja sheria ya ardhi ya Julai 1973 iliyotangaza kwamba udongo wote ni mali ya dola, na mwezi Novemba mwaka huohuo Mobutu akatangaza kuyatwaa mashamba ya wageni na kuwakabidhi Wazaire. Wazaire gani? Waliokuwa karibu na meza. Mkulima aliyekuwa akilima kwa idhini ya mwami alijikuta ndani ya konsesyo ya mtu asiyemfahamu, na tangu hapo wengi hulima kipande kwa kulipa mavuno au siku za kazi. Mwandishi wa hapa akitaka kitu cha kutundika ukutani hatahangaika kukitafuta.

Aliyeandika juu ya Kongo ya mashariki na jina lake likazunguka dunia ni Mmarekani, Lynn Nottage. Mwaka 2004 alikwenda Uganda pamoja na mwongozaji Kate Whoriskey, wakawasikiliza wanawake wa Kikongo waliokimbia vita. Tamthilia yake, Ruined, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago mwaka 2008 na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Pulitzer. Inakaa katika baa moja ya mji mdogo wa wachimbaji, msituni Ituri. Nilipoanza kuisoma nilikuwa nimekunja uso, nikisubiri kuona Kongo ile ya wageni, ya mapanga na machozi. Machozi yapo. Lakini mwandishi huyu anajua vitu.

Kuna sufuria. Salima alitekwa na askari akiwa bustanini mwake, wakati mumewe, Fortune, amekwenda kununua sufuria mpya. Miezi mingi baadaye mume anakuja kusimama nje ya baa, sufuria mkononi. Kwa mwenye mali sufuria ni chombo cha mpishi. Kwa wawili hawa ilikuwa mpango, akiba, dalili kwamba nyumba yao inasogea mbele. Kununua sufuria ndiko kulikomtoa mume nyumbani siku ile. Umaskini wao na matumaini yao vimeunganishwa katika chuma kimoja, na mwanamume huyo hawezi kukiweka chini. Mwandishi mwingine angempa hotuba.

Kuna pia almasi ghafi ya Mama Nadi, mwenye baa. Huyu alipokuwa mtoto, mzungu alikuja na karatasi inayosema ardhi ya familia yao ni yake. Karatasi tena! Sasa amejenga kibanda chake cha bia na wasichana kati ya majeshi mawili, anawauzia wote, na kila askari anayeingia anaacha risasi zake mlangoni. Anadhani amepanda. Almasi ni akiba yake ya mwisho, na siku anapoamua kuitoa ili Sophie, msichana aliyejeruhiwa vibaya, apelekwe kutibiwa, anamkabidhi Mr. Harari, mfanyabiashara wa Kilebanoni. Gari la watu wa misaada liko tayari, vita viko mlangoni, Harari anaondoka na almasi, Sophie anabaki. Sidhani kama Harari ni mwizi. Ana gari la kupanda, na gari halisubiri. Mama Nadi ana baa isiyobebeka. Nottage hakumpa sura ya shetani, na hilo ndilo linalouma.

Mhusika ninayemfikiria zaidi katika mchezo huo hasemwi sana na wahakiki: Josephine, binti wa chifu. Wenzake wamechoka kusikia kwamba baba yake alikuwa mkubwa. Cheo kile hakikumwokoa siku askari walipokuja, na sasa anafanya kazi ileile wanayofanya mabinti wa wakulima, lakini anabeba kiburi chake, anaota Harari atamchukua waende mjini. Ebrahim Hussein alifanya kitu cha jinsi hiyo huko Tanzania mwaka 1971 katika Mashetani. Juma anatoka katika ukoo wa Unguja uliovuliwa fahari yake na Mapinduzi ya 1964. Rafiki yake, Kitaru, ni mtoto wa nyumba inayopanda baada ya uhuru, yenye mali mpya na hofu mpya. Wanacheza mchezo wa shetani na binadamu chini ya mbuyu, na mchezo unageuka ugonjwa. Hussein aliona kwamba aliyeshuka na aliyepanda wanaweza kupendana kweli, na bado kila mmoja akawa jinamizi la mwenzake. Watunzi wengi wanajua kuchora maskini na tajiri. Wachache wanajua kumchora aliyebadilisha ngazi, ambaye mwili uko huku na adabu za mezani zimebaki kule.

Wahusika wa namna hiyo Kalembe imewatengeneza kwa wingi. Oktoba 2024 vita vya waasi wa M23 na wanamgambo wa Wazalendo vilifika Kalembe yenyewe, mji ukatekwa na kukombolewa, watu wakatawanyika. Kukimbia nako kuna matabaka yake, na mtu wa jukwaa atayaonyesha bila neno kwa jinsi kila mmoja anavyotoka upande wa kulia: mmoja kwa pikipiki aliyoilipia mara tatu ya bei, mwingine kwa miguu na godoro kichwani, mwingine hatoki kabisa kwa kuwa ana mgonjwa. Mwalimu na mwenye duka wanajikuta chini ya turubai moja na kibarua wao. Nani huko anaitwa papa, nani anaitwa kwa jina tu? Nani anatumwa maji? Tamthilia nzima ingeweza kukaa katika foleni moja ya bomba.

Vitu vya kuteua vipo. Ningechukua jetoni, kile kikaratasi unachopewa na wenye bunduki ukishalipa, ili barieri ya mbele ikuruhusu kupita. Na mchango ule wa kila mwezi ambao waliobuni waliuita lala salama, kana kwamba usingizi ni bidhaa yao. Au ningechukua mzigo wa mgodi wa Bisie, kule Walikale, ambako baada ya 2002 wabebaji walitembea msituni siku mbili na kilo 50 za kasiterite mgongoni, kisha ndege ndogo zikashuka juu ya barabara ya lami kuyabeba madini kwenda Goma. Mbebaji anaweza kucheza dakika kumi bila kusema kitu. Weka mzani upande mmoja wa jukwaa, kilo zake zipungue kila kituo anapopumzika, mbele ya macho yake. Mwenye ndege asionekane, tusikie injini tu.

Kundi la Search for Common Ground, kupitia Centre Lokole, limewahi kupeleka vijiji vya mashariki michezo shirikishi ya namna aliyoiasisi Augusto Boal wa Brazili: waigizaji wanafika kwenye ugomvi, wanasimama, mtazamaji anaingia kushika nafasi ya mhusika na kujaribu njia nyingine. Ugomvi wa ardhi unaufaa sana mtindo huo, lakini una mtego. Kila mtu anataka kuingia awe mkulima jasiri. Anayeingia kuwa mwenye konsesyo hukimbilia kupayuka na kutoa macho, na hapo tumerudi kwenye kitambi cha nguo.

Mimi ningemwacha mwenye konsesyo Kinshasa na kumleta kapita, msimamizi wake. Huyu ndiye aliyezaliwa kijijini hapo hapo, mama yake analima kipande ndani ya shamba analolisimamia, na jioni hunywa kasiksi na wale aliowakata siku za kazi asubuhi. Anashika daftari la majina, na jina lake mwenyewe limo katika daftari la mtu mwingine. Mbele ya simu ya bosi husema "ndiyo, mkubwa" mara nyingi mpaka shingo inainama yenyewe. Akishakata simu, shingo inanyooka na sauti inashuka kifuani. Mwigizaji anapaswa kuyafanya hayo mawili ndani ya pumzi moja, tena mama yake akiwa amesimama pale pale na jembe, akisubiri kuambiwa kama mwaka huu atalima. Nafasi hiyo ningempa mchezaji bora kuliko wote nilionao, na fedha za onyesho zikipatikana ningemlipa yeye kwanza, maana wenzake watamnunia mtaani mwezi mzima.